Kamba za Tanga na Kazi Zake

Mtu wa bara ashukaye pwani kwa mara ya kwanza, akiona jahazi likikata maji kati ya Lamu na Manda, hulisifu tanga. Kamba hazimpitii moyoni. Lakini tanga bila kamba ni shuka iliyoanikwa tu, na mtu aliyekabidhiwa kamba moja katika hizo ameshika roho za wenzake. Kamba hiyo ndiyo demani.

Kwanza sharti tujue jinsi tanga la pwani linavyokaa. Ukingo wake wa juu hufungwa katika foromali, yaani mti mrefu uning'inizwao mlingotini kwa mshazari, ncha ya chini ikielekea omo na ya juu ikielekea tezi. Kamba nene iipandishayo foromali ni henza, nayo huvutwa kwa msaada wa jarari ipitayo katika makapi. Hamarawi huishika ncha ya chini, na baraji huizuia ncha ya juu isiyumbe. Pembe ya tanga iliyo mbele chini ni goshi, nayo hukazwa omo. Pembe ya nyuma ndiyo ivutwayo kwa demani.

Kamusi hulipa neno hili maana tatu: kamba hii, upande wa chombo uliokingwa na upepo, na majira ya upepo mwanana mwishoni mwa Kusi, tangu Agosti hata Novemba hivi. Maana hii ya mwisho isimdanganye msomaji, kwani kamba yenyewe haina upole.

Upepo ukitoka tezi, demani hulegezwa, tanga likajaa kama tumbo, na chombo husukumwa mbele. Lakini ukitoka ubavuni, au karibu na omo, mambo hubadilika. Hewa ipitayo mgongo wa nje wa tanga huenda kwa kasi kuliko ile ya ndani, na hivyo tanga huvutwa upande wa mgongo wake, kama bawa la ndege linavyoinuliwa. Kwa hiyo umbo lake ni jambo kubwa. Goshi hukazwa ili ukingo wa mbele unyoke, na demani huvutwa ili tumbo lipungue.

Ivutwe kiasi gani? Mwanafunzi hudhani kwamba kadiri anavyoikaza ndivyo anavyoupata upepo zaidi. Sivyo. Ikikazwa kupita kiasi, chombo hulala ubavu na mwendo hupungua. Njia iliyo hakika ni kuilegeza kidogo kidogo hata ukingo wa mbele uanze kupigapiga, kisha kuivuta mpaka kupigapiga kukome, hapo basi. Na kwa kuwa upepo hautulii, kazi hiyo hurudiwa safari nzima.

Hatari iko katika upepo wa ghafula. Katika mashua za Lamu mtu huketi juu ya ubao uliotokeza nje, upande utokako upepo, ili uzito wake uzuie chombo kisipinduke. Lakini upepo mkali ukishuka, uzito wa mtu hautoshi. Dawa ni kuiachia demani mara moja, tanga limwage upepo. Basi ole wake aliyeifunga fundo gumu ili apumzishe mikono! Kamba iliyolowa na kukazwa na upepo haifunguki kwa vidole, na maji huingia kabla kisu hakijaonekana. Izungushwe mara moja au mbili penye kishikizo, ncha yake ibaki mkononi, wala mshikaji asiikalie.

Wakati wa kubisha, jahazi hugeuzwa kwa kuupa upepo tezi. Demani hulegezwa, foromali husimamishwa wima, na tanga hupitishwa mbele ya mlingoti hata upande wa pili. Kwa muda huo kamba ndefu hupiga huku na huku, na mguu ulioingia katika kitanzi chake waweza kuvutwa baharini pamoja na mwenyewe. Kwa hiyo nahodha hutazama sitaha kwanza, kisha ndipo atoapo amri ya kugeuza.