Je, Picha ya WhatsApp Inaweza Kuiba Pesa Zako?

Wateja hutuuliza swali hili hasa wakishaona ule ujumbe unaozungushwa kwa magrupu: usifungue picha fulani, itafuta simu yako yote. Ujumbe wenyewe mara nyingi ni uvumi. Lakini swali ni la maana, na jibu letu si "hapana" tu.

Simu haipokei picha jinsi wewe unavyoiona. Inapokea faili iliyobanwa ili isimalize bando, kisha programu ndogo ndani ya simu inaifungua: inasoma vipimo na rangi, inatenga nafasi kwenye kumbukumbu, halafu inachora. Fikiria muuza maziwa anayekuambia analeta lita 5. Unaandaa mtungi wa lita 5. Akimimina 20, yanafurika hadi kwenye unga uliokuwa kando. Picha ya mhalifu hutengenezwa ili ifurike hivyo, na kinachomwagika kinaweza kuwa amri ambazo simu itazitekeleza.

Septemba 2023, watafiti wa Citizen Lab katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, waliripoti kukuta iPhone ya mfanyakazi wa shirika la kiraia imeshambuliwa kwa picha zilizotumwa kupitia iMessage. Mwenyewe hakubonyeza chochote. Apple ilitoa marekebisho tarehe 7. Siku 4 baadaye Google nayo ikarekebisha Chrome, kwa sababu libwebp, programu inayofungua picha za WebP, ilikuwa inatenga mtungi mdogo kuliko maziwa. Firefox na programu nyingine nyingi zilitumia libwebp hiyo hiyo.

Mwaka 2019 ilikuwa zamu ya WhatsApp ya Android. GIF mbovu ikishaingia kwenye simu, hukuhitaji hata kuigusa. Ungefungua tu orodha ya picha ndani ya WhatsApp ili umtumie rafiki picha nyingine kabisa, na mlango ungefunguka. Kasoro hiyo ilizibwa kwenye toleo la 2.19.244.

Tuseme ukweli: mashambulizi kama lile la 2023 ni ghali, na kwa kawaida hulenga wanahabari na wanaharakati, si mtu anayetumiwa 500 ya unga. Tena Android huiweka kila programu kwenye chumba chake, kwa hivyo aliyeingia kupitia WhatsApp hajaingia moja kwa moja kwenye pesa zako. Lakini akiishika WhatsApp yako, anaweza kumwandikia mamako: "Mum nimekwama, nitumie 3,000 kwa namba hii." Na mama atatuma.

Mwizi wa kawaida ana njia rahisi zaidi: faili inayojifanya picha. Unaletewa "picha za harusi" au "picha ya ajali", ukibonyeza simu inauliza kama ungependa kuinstoli. Simama hapo hapo. Picha haiinstoliwi. Jina la faili likiishia na .apk, hiyo ni programu, na ukiiruhusu isome SMS zako itaona kila namba ya uthibitisho tunayokutumia. Kama ushaiweka, zima data na WiFi, chukua simu ya mtu unayemwamini utupigie tuifunge akaunti kwanza. Usibadilishe namba ya siri ukitumia simu ile ile.

Kwa zile kasoro halisi, dawa ni kusasisha, yaani kuapdeti. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, usasishe WhatsApp na Chrome. Halafu nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kuhusu simu, uangalie tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kwenye WhatsApp, zima upakuaji wa picha wa moja kwa moja. Haizuii kila kitu, lakini inapunguza mambo, na bando litakushukuru.

Kama sasisho la mwisho ni la miaka 3 iliyopita na simu haileti lingine, hatutakuambia ukanunue simu mpya kesho. Hamisha tu laini ya pesa kwa kabambe. Huduma zetu za menyu zinafanya kazi pale vizuri kabisa, na kabambe isiyo na WhatsApp wala intaneti haina picha za kufungua.