Nyoka, Mamba na Vyura wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa: Elimu kwa Umma

Reptilia na amfibia ni makundi mawili tofauti ya wanyama wenye uti wa mgongo. Hutajwa pamoja kwa sababu miili yao haitengenezi joto lake kama ya ndege na mamalia, bali hulipata juani, kwenye mwamba au kwenye maji ya uvuguvugu. Reptilia ana ngozi kavu yenye magamba na hupumua kwa mapafu tangu siku ya kwanza. Amfibia ana ngozi laini yenye unyevu ambayo humsaidia kupumua, na wengi wao huanza maisha majini wakiwa viluwiluwi.

Tanzania ina spishi za reptilia zaidi ya 300. Wamo kobe na kasa, wamo mamba, na wamo mijusi na nyoka, ambao ndio wengi kupita wote. Kinyonga, kenge na mjusi kafiri wote ni mijusi, na nyoka wametokana na mijusi waliopoteza miguu. Amfibia wa nchi hii karibu wote ni vyura. Wapo pia wachache wasio na miguu, wanaoishi udongoni na kufanana na mnyoo mkubwa. Hao hawana madhara yoyote kwa mtu, lakini huuawa kwa jembe kila wanapofukuliwa kwa sababu hudhaniwa kuwa nyoka.

Ardhi ya wilaya za Mbinga na Nyasa hupanda kwa kasi. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 474 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo hufika karibu mita 2,000. Katikati kuna miteremko ya miombo, ambayo upande wa kusini huendelea hadi Pori la Akiba la Liparamba na mpaka wa Msumbiji. Mpangilio huo ndio unaoamua mnyama gani anaishi wapi. Mwambaoni, kuanzia Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay na Chiwanda, kuna mamba, kenge wa majini na kobe wa majini mwenye gamba laini kama ngozi, Cycloderma frenatum, ambaye yumo pia katika Mto Ruvuma. Kwenye miombo kuna chatu, kobe wa nchi kavu, kinyonga na nyoka wengi wenye sumu, akiwemo koboko. Milimani baridi hupunguza idadi yao, lakini haiwamalizi. Kifutu anaweza kukutwa pote, kuanzia mchanga wa ziwani hadi shamba la kahawa.

Kilimo cha ngoro, yaani mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko, kinastahili neno lake. Majani yanayolazwa na kufukiwa ili kutengeneza kuta za ngoro huhifadhi unyevu na rutuba, na kwa ustadi huo Wamatengo wameilinda miteremko yao isimomonyoke. Ndani ya majani hayohayo hukaa wadudu, vyura na panya, na nyoka huja kuwafuata. Nyoka hamfuati mtu. Hufuata panya, na panya hufuata mahindi yaliyohifadhiwa ndani au karibu na nyumba.

Nyoka wengi wa eneo hili hawana sumu inayoweza kumdhuru mtu. Nyoka wa nyumbani wa rangi ya kahawia, anayepita darini usiku, hula panya. Nyoka kipofu, anayetokea baada ya mvua, hula mchwa na mayai yao. Kinyonga, anayeogopwa kuliko karibu mnyama yeyote wa ukubwa wake, hana sumu kabisa, na mjusi kafiri hali kadhalika. Kuwaua hakumlindi mtu yeyote.

Wanaopaswa kuogopwa ni wachache, na kila mmoja huua kwa njia yake. Kifutu, Bitis arietans, ni mnene na mfupi, mwenye alama za mishale mgongoni. Hatoroki mtu anapokaribia. Hutulia akitegemea rangi yake imfiche, na ndiyo sababu hukanyagwa. Sumu yake huharibu nyama na mishipa ya damu: mguu huvimba, maumivu huwa makali, malengelenge hutokea na damu huweza kukosa kuganda. Swila hutema sumu kuelekea machoni, na akiuma, nyama ya jeraha huoza. Koboko, Dendroaspis polylepis, mwenye kinywa cheusi ndani, ana sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Kope huanguka, ulimi huwa mzito, kifua hushindwa kupanda, na mgonjwa hufa kwa kukosa pumzi huku akili yake ikiwa timamu. Wapo pia nyoka wa mitini wenye meno ya sumu nyuma ya kinywa, ambao sumu yao huzuia damu kuganda. Jeraha lao huonekana dogo, na kutokwa damu huweza kuanza saa nyingi baadaye. Kwa sababu hiyo mtu aliyeumwa asirudishwe nyumbani eti haumwi sana.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote, na linalorudiwa hapa kwa makusudi, ni muda. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na mwaka 2019 likatoa mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030. Makadirio yake ni kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani, na wanaobaki na viungo vilivyokatwa au ulemavu mwingine wa kudumu ni karibu mara tatu ya hao. Wengi wao ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini. Wengi pia walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, baada ya kupitishwa kwingine kwanza.

Kwingine huko kunajulikana: kamba iliyofungwa juu ya jeraha, wembe, mizizi na jiwe jeusi. Kamba huzuia damu kufika mguuni, na kwa sumu ya kifutu, ambayo tayari inaua nyama, kufunga ni kuukabidhi mguu kwa msumeno. Wembe hufungua mlango wa vijidudu na kumwaga damu ambayo huenda haigandi tena. Kunyonya hakutoi sumu iliyokwishaingia ndani. Jiwe jeusi, ambalo kwa kawaida ni kipande cha mfupa uliochomwa, hunata kwenye jeraha kwa sababu lina vinyweleo vinavyofyonza unyevu, si kwa sababu linavuta sumu. Sifa yake imetokana na jambo moja: si kila nyoka anayeuma huingiza sumu, na wengi wanaouma hawana sumu yenyewe. Mgonjwa wa namna hiyo angepona hata asingewekewa kitu, lakini sifa huchukuliwa na jiwe. Aliyeumwa na koboko halisi jiwe halimwokoi. Asifungwe kamba. Asichanjwe. Asipewe pombe.

Linalotakiwa ni rahisi, na hakuna kijiji kisichoweza kulifanya. Mgonjwa aondolewe karibu na nyoka na atulizwe, kwa kuwa kukimbia huharakisha sumu mwilini. Pete, bangili, shanga na viatu vivuliwe kabla uvimbe haujaanza. Kiungo kilichoumwa kifungwe ubao au fimbo kama mfupa uliovunjika, bila kukaza, kisitikisike. Mgonjwa asitembee kwa miguu. Abebwe kwa machela, baiskeli au gari, na kwenye bodaboda akae katikati, mtu mwingine akimshika kwa nyuma. Akianza kutapika au kulegea, alazwe kwa ubavu. Sumu iliyotemwa machoni ioshwe mara moja kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20, bila kusugua, kisha hospitali. Nyoka asifuatwe ili apelekwe kama ushahidi. Hata kichwa cha nyoka aliyekufa huweza kuuma. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali inatosha, na hata bila picha daktari hutibu kwa kufuata dalili.

Wapo wanaosema kwamba hospitali haina dawa ya sumu ya nyoka, hivyo hakuna sababu ya kwenda. Hoja hii imegharimu maisha na haikubaliki. Dawa hiyo, inayotengenezwa kutokana na damu ya farasi, kweli ni ghali, na uhaba wake umeikumba Afrika nzima, hasa baada ya kampuni ya Sanofi Pasteur kusimamisha mwaka 2014 utengenezaji wa mojawapo ya dawa zilizotegemewa sana. Lakini hata pale dawa inapokosekana, hospitali ina oksijeni na kifaa cha kumpumulia mgonjwa, ina maji ya mishipa, na inaweza kupima kama damu inaganda kwa kuiweka dakika 20 katika chupa ya kioo. Mganga wa kienyeji hana hata kimoja kati ya hivyo. Mtoto hupewa kipimo kilekile cha dawa anachopewa mtu mzima, kwa kuwa nyoka hakumpunguzia sumu. Wazazi wasishangae wala wasikatae. Barabara ya lami sasa imeunganisha Mbinga na Mbamba Bay, kazi kubwa ambayo wakazi waliisubiri kwa miaka mingi, na hospitali za Mbinga, Litembo na Liuli zinajulikana na kila dereva. Kisingizio cha umbali kimepungua nguvu.

Kinga huanzia nyumbani. Mahindi yahifadhiwe mahali ambapo panya hawafiki, majani yafyekwe kuzunguka nyumba, kuni zisirundikwe ukutani. Usiku mtu atembee na tochi hata anapokwenda chooni tu. Viatu virefu vya mpira vivaliwe wakati wa kufyeka na kutengeneza ngoro, na majani yapigwe kwa fimbo kabla ya kushikwa kwa mkono. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro huzuia mbu, na huzuia pia swila anayeingia ndani kutafuta panya.

Mamba ndiye hatari ya pili. Mamba wa Nile hupenda midomo ya mito, na mdomo wa Ruhuhu karibu na Lituhi ni wa namna hiyo. Mwindaji huyu husubiri chini ya maji mahali pamoja, akijifunza nani huja kuteka maji na saa ngapi. Mazoea ya kutumia gati lilelile kila jioni ndiyo yanayomlisha. Jike hutaga mayai kadhaa mchangani wakati wa kiangazi, na joto la kiota huamua kama watoto watakuwa dume au jike. Huatamia kwa kulinda, karibu miezi mitatu, kisha huwafukua watoto na kuwabeba kinywani hadi majini mvua zinapoanza. Wakati huo hushambulia yeyote anayesogea. Watoto wasitumwe ziwani peke yao, nguo zifuliwe mbali na maji, na samaki wasisafishwe mahali watu wanapooga. Vijiji vinavyoweza vijenge uzio wa nguzo na wavu majini, kama ilivyofanyika kando ya Ziwa Victoria.

Vyura hawaumi mtu, lakini nao wana la kueleza. Baadhi huangika mayai yao ndani ya povu juu ya matawi, ili viluwiluwi wadondoke dimbwini. Vyura wadogo wa jenasi ya Nectophrynoides, wa milima ya Tanzania, huzaa watoto walio hai. Mmoja wao, chura wa Kihansi, aligunduliwa mwaka 1996, na baada ya bwawa la umeme kupunguza mnyunyizo wa maporomoko alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Alirudishwa nchini mwaka 2010 kutoka katika bustani za wanyama za Marekani, na Tanzania ina haki ya kujivunia kazi hiyo. Katika Umatengo hatari kwa vyura iko karibu zaidi: dawa za kopa zinazopuliziwa kahawa dhidi ya chule buni na kutu ya majani ni sumu kwa viluwiluwi. Bomba la dawa lisioshwe kijitoni, kwa sababu maji hayohayo hunywewa bondeni.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata au kuua wanyamapori bila kibali, wakiwemo chatu, na usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi ulisimamishwa mwaka 2016. Kanuni za mwaka 2011 zinaruhusu kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioathiriwa na wanyama waliotajwa katika kanuni hizo, mamba akiwemo. Masharti mengine huelezwa na afisa wanyamapori wa wilaya. Madai huanzia kwa mtendaji wa kijiji, na yapelekwe bila kuchelewa, pamoja na cheti cha hospitali. Aliyemficha mgonjwa kwa mganga hana cheti hicho.