KAMBA WA MAJI BARIDI: MGENI MWENYE MAGANDO

Somo letu la leo ni kamba wa maji baridi. Wengi wetu tunamjua kaa wa mtoni. Huyu ni jamaa yake. Ana gamba gumu jekundu, magando mawili na mkia mrefu. Kwao hasa ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Mwaka 1970 aliletwa Ziwa Naivasha, Kenya, ili avuliwe na kuuzwa.

Maisha yake yakoje? Jike hubeba mayai mamia chini ya mkia. Maji yakiwa na joto la kutosha, mayai huanguliwa baada ya wiki tatu hivi. Watoto hung'ang'ania mkia wa mama yao mpaka wapate nguvu. Gamba lenyewe halikui. Kwa hiyo kamba akikua hulivua, akaota jipya. Siku hizo mwili wake ni laini, basi hujificha asiliwe na ndege au fisi maji. Baada ya miezi michache tu, naye anazaa.

Anakula nini? Karibu kila kitu: majani ya majini, wadudu, konokono, mayai ya samaki, hata mizoga. Ukame ukija, huchimba shimo katika tope akangoja mvua. Aweza pia kutembea nchi kavu mpaka maji mengine, mradi mashavu yake yasikauke.

Sasa tupime faida na hasara. Faida: ni chakula na biashara. Tena anakula konokono wanaoeneza kichocho. Lakini kule Naivasha alitafuna mayungiyungi na majani mengine ambamo samaki hujificha. Hata samaki walionasa wavuni huwatafuna. Na mashimo yake hubomoa kingo za mifereji na mabwawa.

Mtu atasema, "Si tumtie katika bwawa letu atumalizie kichocho?" Hapana, ndugu. Akishaingia, kumtoa ni kazi kubwa mno. Kichocho tukizuie kwa kutumia vyoo, kutojisaidia majini, na kwenda zahanati kupata dawa. Kamba tumvue pale alipo. Tusimhamishe akiwa hai.

MASWALI
1. Jike hubeba mayai wapi?
2. Kwa nini kamba hujificha akivua gamba?
3. Jadilianeni: mtu akileta kamba hai kijijini kwenu, mtamwambia nini?