Kwa nini PIN isiwe mwaka wako wa kuzaliwa

Umeshuka Ruiru, unajipapasa mfukoni: simu imebaki kwenye matatu, nayo imeshaondoka kuelekea Thika. Aliyeiokota anaweza kubahatisha PIN yako?

Hebu tuhesabu. PIN ina nafasi nne, na kila nafasi inaweza kuwa 0 hadi 9. 10 × 10 × 10 × 10 ni namba 10,000. Kompyuta ingezijaribu zote bila kuchoka. Ndiyo maana ukikosea mara tatu mfululizo, akaunti inafungwa. Kubahatisha mara tatu kati ya 10,000 ni kazi bure.

Lakini ukiweka mwaka wa kuzaliwa? Kuanzia 1950 hadi 2007 ni namba 58 tu. Na akijua una miaka 30, zinabaki mbili. Majaribio matatu yanamtosha na chenji inabaki!

Hilo ni wazo kubwa katika sayansi ya kompyuta: nguvu ya siri hupimwa kwa wingi wa majibu ambayo mwizi analazimika kuyajaribu.

Basi chagua namba isiyohusiana nawe, na usimtajie mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kwetu. Ukipoteza simu, tujulishe mara moja tufunge laini.