SOMO LA MWEZI: KUVU KATIKA BIRI NA TUMBAKU YA GHALANI



Mwaka jana tuliitwa katika kiwanda kimoja cha tumbaku. Kijana wa godauni alikuwa amekatwa mshahara kwa sababu masanduku ya biri yaliota kuvu mikononi mwake. Meneja alisema ni uzembe. Sisi wa tawi tuliomba kwanza tuonyeshwe mahali yalipokuwa. Tukakuta yalipangwa chini kwenye saruji, yameegemea ukuta wa nje ambao rangi yake ilikuwa imebambuka kwa maji. Macho yetu yaliona nani mzembe, lakini tulipotakiwa kueleza kwa hoja, wengi wetu tulibaki kimya. Ndiyo maana tunaandika somo hili.

Biri ni majani matupu ya tumbaku yaliyosokotwa, haina karatasi. Jani hilo hunywa maji ya hewani na kuyatoa. Hewa ikikauka, biri hupasuka. Ikijaa maji, huota kuvu. Wenye kazi hii huziweka biri katika unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21 za Sentigredi. Unyevu ukipita asilimia 75 na kukaa hapo, kuvu ni jambo la kungojea tu.

Sasa angalieni huku kwetu Uganda. Sehemu nyingi za kusini mvua huja mara mbili kwa mwaka, na asubuhi za miezi hiyo hewa ya nje peke yake hupita kiasi hicho. Kijana yule alikuwa na amri ya kufungua madirisha yote kila alfajiri ili godauni lipate hewa. Kumbe alikuwa akiamriwa kuingiza maji ndani! Madirisha yafunguliwe mchana, jua likishakausha hewa. Tena sanduku lililopigwa na jua njiani lisifungiwe papo hapo kwa plastiki, maana usiku likipoa hutoa jasho kwa ndani, na biri hulowa bila tone la mvua. Masanduku yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta, kiasi mtu aweze kupitisha mkono nyuma yake.

Meneja alikuwa na hoja moja ambayo ilitutisha. Kitabu cha godauni kilionyesha unyevu wa 66 kila asubuhi. Tuliomba kipimo chenyewe kijaribiwe, na njia hii kila tawi liijue, kwani haina gharama. Tia chumvi ya kawaida katika kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya chombo kilichofungwa sawasawa, uache usiku kucha na mchana wake. Hewa ya ndani hufika asilimia 75, wala haizidi. Kipimo cha kweli kitasoma 75. Kile cha kiwanda kilisoma 64. Basi kilikuwa kikiiba 11, na ile 66 ya kitabuni ilikuwa 77.

Kuvu utaijuaje? Ina manyoya kama pamba, nyeupe, ya kijivu, au ya kijani na buluu. Hukaa kwa madoa, hunuka uvundo, na ukiipangusa huacha alama katika jani. Ikionekana kwenye ncha ya kuwashia, ujue imeshaingia ndani, na biri hiyo ni ya kutupwa. Wapo wasemao kwamba unga mweupe juu ya biri ni dalili ya kukomaa vizuri. Mfanyabiashara hupenda maneno hayo! Unga huo huweza kuonekana kwa darubini kuwa ni kuvu changa. Matundu madogo ya duara si kuvu, ni mdudu wa tumbaku, naye pia hupenda joto. Na ule ubao wa masanduku uitwao mwerezi wa Kihispania si mwerezi hata kidogo, ni wa ukoo wa mkangazi. Harufu yake nzuri haiponyi godauni linalovuja.

Jambo kubwa kuliko biri zenyewe ni mapafu yetu. Tumeona wenzetu wakipewa brashi kavu kufuta kuvu ili mali iuzwe. Brashi hiyo hurusha vumbi la kuvu hewani. Kwa baadhi ya watu, saa nne hadi nane baadaye huja homa, baridi ya kutetemeka, kikohozi na kifua kubana. Usiku huo mtu yuko nyumbani, hudhani ni malaria. Akipumzika hupona, akirudi kazini hurudi nayo. Ikiendelea hivyo kwa muda mrefu, mapafu hupata makovu yasiyofutika. Pimeni malaria, ndiyo, lakini mwambieni daktari kazi yenu na siku ambazo homa huja. Sanduku lenye kuvu lifungwe ndani ya plastiki kabla ya kubebwa, rafu zipanguswe kwa kitambaa kilicholowa, na mpangusaji avae barakoa ya kuzuia vumbi. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Barakoa hizo nani alipe? Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi ya Shirika. Uandikeni katika barua zenu kwa namba yake, maana barua yenye namba hujibiwa mapema kuliko yenye hasira.

Kijana wa godauni alirudishiwa fedha zake mwezi wa pili baada ya mkutano. Kipimo kimebadilishwa. Ukuta bado unavuja, na tawi limeomba kikao kingine kabla ya mvua.