Penalti tatu na mvua ya matusi: maswali na majibu

Ubaguzi wa rangi mtandaoni ni nini?
Ni maneno, picha au alama za kumdhalilisha mtu kwa rangi au asili yake kupitia intaneti. Julai 11, 2021, England ilifungwa na Italia kwa penalti 3-2 katika fainali ya Euro 2020 pale Wembley. Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, wote weusi, walikosa. Usiku uleule kurasa zao zilijaa vikatuni vya nyani. Saka alikuwa na miaka 19.

Mbona mitambo ya mitandao haikuvizuia?
Kikatuni cha nyani chini ya picha ya mbuga hakina ubaya. Chini ya picha ya Saka ni tusi, na mara nyingi mtambo hauoni tofauti. Instagram ilikiri baadaye kuwa baadhi viliachwa kimakosa. Wasemaji wa Kiswahili wanaijua hila hii: kwa fundi cherehani neno "madoadoa" ni nakshi ya kitambaa, ila majira ya uchaguzi Kenya limewahi kumaanisha watu wa kabila jingine wanaotakiwa wahame.

Watukanaji hukamatwa?
Wachache. Baada ya fainali hiyo, polisi wa Uingereza walibaini machapisho 207 ya kijinai. Akaunti 123 zilikuwa za nje ya nchi. Hadi Agosti mwaka huo walikuwa wamekamatwa watu 11.

Jamii ifanye nini?
Huko Withington, Manchester, mchoro wa Rashford ukutani ulichafuliwa baada ya mechi. Polisi walisema baadaye kwamba maandishi yale hayakuonekana kuwa ya kibaguzi, lakini wakazi hawakuwa wamesubiri uchunguzi: waliyafunika kwa mioyo ya karatasi, bendera na barua za watoto. Mioyo hiyo haikuyafuta matusi ya mtandaoni, ila hayakuwa tena sauti pekee.

Na ofisa ustawi wa jamii afanye nini?
Anayemjia si nyota, ni mwanafunzi aliyetukanwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Asinyang'anywe simu, ataona ameadhibiwa yeye, na siku nyingine atanyamaza. Zipigwe picha za skrini zenye jina la akaunti, tarehe na saa, ndipo mtukanaji aripotiwe na kublokiwa. Wengi huanza kwa kubloki, wakaja ofisini mikono mitupu. Mzazi anayetaka kujibu tusi kwa tusi azuiwe mapema: majibu yake hulirudisha tusi machoni pa kundi zima.