SOMO: MANENO YA KIINGEREZA KATIKA BARUA YA AJIRA



Vijana wetu wa Nshambya na Muleba wanapomaliza shule au chuo cha ufundi, wengi huenda kutafuta kazi Bukoba mjini, kwenye viwanda vya samaki na kahawa, kwenye mashamba ya miwa wilayani Missenyi, au huvuka ziwa kwenda Mwanza. Mazungumzo ya kazi hufanyika kwa Kiswahili, lakini karatasi ya kutia sahihi mara nyingi huja kwa Kiingereza. Kijana huona aibu kuuliza, hutia sahihi, na maana ya maneno huijua siku ya mgogoro. Somo hili ni la kuwasaidia wanakamati wanaoombwa ushauri.

1. Maneno yenye maana mbili

Yapo maneno ambayo kijana aliyajifunza shuleni kwa maana nyingine.

"Leave": shuleni ni kuondoka. Katika barua ya ajira ni likizo. "You are entitled to 28 days of paid leave" si amri ya kuondoka. Maana yake una haki ya likizo ya siku 28 yenye malipo.

"Notice": shuleni ni tangazo la ubaoni. Hapa ni taarifa ambayo upande mmoja humpa mwenzake kabla ya kuvunja mkataba.

"Referee": uwanjani ni mwamuzi. Katika maombi ya kazi ni mtu anayekufahamu na anayeweza kuulizwa habari zako. Wachungaji wengi huandikwa hivyo bila kuarifiwa. Kijana aombe ruhusa kwanza.

2. Maneno ya malipo

"Salary" ni mshahara, kwa kawaida wa mwezi. Hata neno letu mshahara lina asili ya Kiarabu inayohusu mwezi. "Wage" ni ujira, ambao huweza kuhesabiwa kwa siku, kwa juma au kwa kiasi cha kazi, kama anavyolipwa mchumaji wa kahawa kwa debe. "Allowance" ni posho, nayo si mshahara.

"Gross" ni jumla kabla ya makato. "Net" ni kinachobaki mkononi. Makato huitwa "deductions", nayo ni kama kodi ya mapato na mchango wa NSSF. Mchango huo ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Sehemu iliyobaki hutolewa na mwajiri. Kijana akitajiwa mshahara, aulize: ni kabla au baada ya makato?

3. Maneno ya kuachana

Hapa neno moja hubadilisha fedha. "Resign" ni kuacha kazi kwa hiari. "Dismissed" ni kufukuzwa, kwa kawaida kwa kosa. "Retrenched" ni kupunguzwa kazini kwa sababu za mwajiri, kama vile biashara kudorora; mfanyakazi hana kosa. Anayepunguzwa baada ya kufanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi hustahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Basi kijana akiambiwa aandike barua ya "resignation" wakati kwa kweli anapunguzwa, asiharakishe kutia sahihi. Anaweza kupoteza haki hiyo.

4. Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali, saa za kazi na malipo. Kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri anatakiwa kuhakikisha anaelezwa kwa namna anayoielewa. Kwa hiyo kuomba maelezo kwa Kiswahili ni haki, wala si utovu wa adabu. Kwa anayelipwa kwa mwezi, taarifa ya kuvunja mkataba haipungui siku 28. Aliyeachishwa kazi bila haki ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

5. Usharika nao ni mwajiri

Tusiwatazame waajiri wengine tu. Mlinzi wa kanisa, mwalimu wa chekechea na mhudumu wa ofisi ya usharika nao wanafanya kazi. Yule tunayemwita "volunteer", yaani wa kujitolea, lakini anapangiwa zamu kila siku na kupewa posho kila mwisho wa mwezi, huenda mbele ya sheria ni mwajiriwa. Nao marafiki wanaosaidia miradi wakumbuke hili bajeti inapopangwa: mshahara bila mchango wa NSSF ni hesabu pungufu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, kila anayefanya kazi katika usharika wetu ana maelezo ya maandishi? Anayaelewa?
2. Ni nani kati yetu anaweza kukaa na kijana na kuisoma barua kabla haijatiwa sahihi?
3. Andikeni barua fupi ya ajira ya mlinzi kwa Kiswahili. Itajeni kazi, saa, malipo na likizo. Kisha mpeni mlinzi mwenyewe aisome na aseme alichoelewa.